Kukata bima ya kahawa inayovuka bahari

Wadogo zangu mnaoanza kuuza kahawa nje, kabla gunia halijatoka ghalani hapa Moshi, someni mkataba. Ukisema FOB Tanga, yaani unauza mzigo ukiwa umepakiwa melini bandarini Tanga, hatari ni yako mpaka mzigo upakiwe melini. Ukisema CIF, yaani bei yenye mzigo, bima na nauli ya meli ndani yake, bima ya baharini unalipa wewe, kwa thamani ya CIF na asilimia 10 juu yake.

Kima cha chini cha bima kwenye CIF ni masharti ya C, yenye kinga finyu kuliko A na B. Mimi siyapendi: maji ya bahari yakiingia kwenye kontena, hulipwi. Omba A, yenye kinga pana zaidi, ingawa nayo haifidii meli kuchelewa.

Linalowashangaza wengi ni hili: nahodha akitupa shehena ya mwenzako ili kuokoa meli, nawe unachangia hasara, hata kama kahawa yako imefika salama. Warumi waliirithi kanuni hiyo kutoka Rhodes, kisiwa cha Wagiriki, kabla bima haijakuwepo. Bima hulipa mchango huo, hata ya C. Watoa bima wa London nao walikutania mkahawani kwa Edward Lloyd, karne ya 17. Kwenye kahawa, jamani!

Lakiri ya kontena ipigeni picha, namba isomeke, kabla lori halijaondoka.