Unataka kufungua fremu ya vitu vya zamani Dodoma? Leseni inaombwa hivi

Siku hizi Dodoma wapo wengi wanaouza vitu vya zamani wakiwa nyumbani, redio za National za betri, pasi za mkaa, taa za chemli, vyerehani vya Singer, koti za jeans zilizochambuliwa vizuri kwenye belo, na wateja wapo. Sasa ukishachukua fremu, iwe Majengo, Area C au pale Sabasaba, lazima uwe na leseni ya biashara, na kinachochelewesha watu wengi ni karatasi kutofanana. Jina la kwenye NIDA, la kwenye mkataba wa fremu na la kwenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, yawe yaleyale herufi kwa herufi, yaani kama NIDA inasema Mwajuma na mkataba umeandikwa Mwanajuma jua hapo utarudishwa, kwa hiyo shika namba yako ya NIDA zile tarakimu 20 na kila karatasi uijaze ukiwa unaiangalia.

Anza na mkataba wa fremu. Usikubali ule wa kuandikiana kwenye daftari, uandikwe vizuri na uwe na jina la mtaa, kata, na kama nyumba ina namba ya kiwanja nayo iwekwe. Na hapa kabla hujatoa hela kaa na mwenye nyumba muongee kodi ya zuio, kwa sababu ukipanga kwa ajili ya biashara unatakiwa ukate asilimia 10 ya pango upeleke TRA, na mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango la mwaka. Chukulia fremu ni 100,000 kwa mwezi, mwaka mzima 1,200,000, hapo zuio ni 120,000 na stempu 12,000. Hiyo 120,000 kisheria inatoka kwenye hela ya mwenye nyumba lakini wengi hawataki kusikia, wanataka hela yao kamili, so ukisaini bila kuongea utaitoa wewe mfukoni. Ongeeni mapema, iandikwe humohumo kwenye mkataba.

Ukimaliza nenda TIN. Hii ni bure kabisa, unaomba kwenye tovuti ya TRA au unaenda ofisini kwao, asikudanganye mtu wa steshenari kwamba TIN inauzwa, yeye mlipe ya kukujazia tu. Kama una TIN ya leseni ya udereva usiombe nyingine, hiyohiyo inabadilishwa iwe ya biashara. Watakufanyia makadirio ya kodi, taja mauzo ya kweli, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo, halafu omba cheti cha uthibitisho wa mlipakodi maana bila hicho leseni haitoki.

Jina la duka linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, mfumo wao unaitwa ORS. Kama utafanya biashara kwa jina lako mwenyewe hatua hii unaweza kuiruka, ila mimi nakushauri usajili, hasa kama jina limeshaanza kujulikana Instagram. Tafuta kwanza humo kama halijachukuliwa.

Leseni yenyewe ya duka dogo la rejareja inatolewa na halmashauri, kwa huku mjini ni Jiji la Dodoma, na unaiomba kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Unafungua akaunti kwa NIDA, unajaza TIN, mahali duka lilipo na aina ya biashara. Aina ya biashara ichague kwa utulivu, kama unauza nguo za mitumba na vyombo vya ndani vyote vionyeshe, usichague moja kwa sababu ada yake ndogo, afisa biashara akipita akakuta kingine ni usumbufu. Ombi likipita unapata kontrol namba, unalipa kwa simu, unaprinti leseni na kuibandika dukani inapoonekana. Inadumu miezi 12.

Sasa bidhaa zenyewe. Nguo za ndani za mitumba ni marufuku, usiziweke hata kama zimo kwenye belo. Ukinunua kitu kwa mtu binafsi, redio au cherehani, andika jina lake, simu, tarehe na namba ya kifaa, asaini, kwa sababu siku polisi wakija wakasema ni cha wizi hilo daftari ndilo litakalokusemea. Vitu vya kale kweli navyo vina sheria yake ya mwaka 1964, inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863 na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940, ukikutana navyo waulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, wizara yao ya Maliasili si ipo hapohapo Mji wa Serikali. Na mtu akikuletea bangili ya pembe za ndovu au ngozi ya chui, hata aseme ni urithi wa babu yake, usiipokee kabisa, hizo ni nyara za serikali na kukutwa nazo tu bila kibali ni kesi.