Umepandisha Windows, laptopu inasumbua: njia za kurudi, na kila moja inakufikisha wapi

Wakuu, somo hili ni la aliyetoka Windows 10 kwenda 11, au aliyetoka 7 au 8 kwenda 10, na sasa mashine imekuwa nzito, sauti haitoki au Wi-Fi haionekani. Wengi wakifika hapo hubonyeza chochote kilichoandikwa "Recovery" wakidhani zote ni kitu kimoja. Sivyo. Njia moja inakurudisha kwenye mfumo wa zamani na mafaili yako yakiwepo, nyingine inakubakiza kwenye mfumo mpya lakini programu zote zimefutwa, nyingine tena inairudisha laptopu kama ilivyotoka kiwandani. Amua kwanza unataka kufika wapi, ndipo uguse.

Na kabla ya hayo, kama tatizo ni sauti, Wi-Fi au mwanga wa skrini tu, usirudi popote. Mara nyingi hapo kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani. Ingia tovuti ya aliyetengeneza laptopu, tafuta modeli yako, pakua draiva ya toleo ulilonalo sasa. Kazi ndogo hiyo.

Hatua ya 1: nakili mafaili, tafuta ufunguo wa BitLocker

Nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje, hata kama njia unayoitaka inaahidi kutogusa mafaili. Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofanya data isisomeke bila ufunguo. Laptopu nyingi za siku hizi zimefungwa bila mwenyewe kujua, na ukiingia kwenye skrini za ukarabati unaweza kuombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia kuianzisha laptopu. Uandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya laptopu ileile haukusaidii kitu.

Hatua ya 2: hesabu siku

Ukipandisha toleo, Windows huuweka mfumo wa zamani kwenye folda iitwayo Windows.old, ndani ya C. Una siku 10 za kurudi. Kwenye Windows 11 fungua Settings, System, Recovery, halafu "Go back". Kwenye Windows 10 iko Update & Security, Recovery. Chomeka chaja, na hakikisha unalikumbuka nenosiri ulilokuwa ukitumia kabla ya kupandisha, maana ndilo utakaloingilia. Programu ulizoweka baada ya kupandisha zitaondoka.

Siku 10 ni chache, ila unaweza kuziongeza mpaka 60. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Fanya hivyo siku zenyewe zikiwa hazijaisha. Zikishapita, amri hii haifufui kitu. Na katika muda huo usiruhusu Disk Cleanup ifute "Previous Windows installation(s)". Nafasi utapata kweli, gigabaiti nyingi tu, lakini njia ya kurudi ndiyo uliyofuta.

Kama laptopu haifiki kwenye eneo-kazi, Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua yenyewe menyu ya ukarabati. Pitia Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, kisha chagua kuondoa "feature update" ya mwisho. Unafika palepale.

Hatua ya 3: siku zimepita

Hapa kuna "Reset this PC". Haikurudishi toleo la zamani, inalisimika upya hilo ulilonalo. Ukichagua "Keep my files" mafaili yanabaki, programu zinaondoka. Kisha utaulizwa "Cloud download" au "Local reinstall". Ya kwanza inapakua Windows upya na inaweza kula zaidi ya GB 4 za intaneti. Ya pili inatumia mafaili yaliyomo kwenye mashine. Kama unashuku mafaili ya mfumo yameharibika, usibane bando, chagua ya kwanza.

Hatua ya 4: sehemu ya kiwandani

Laptopu nyingi huja na sehemu ya diski iliyofichwa yenye mfumo wa awali. Unaiita wakati wa kuwasha: HP nyingi F11, Acer Alt+F10, ASUS F9, Lenovo nyingi zina kitundu cha Novo. Kilichomo humo ni mfumo ulionunulia laptopu, siyo uliopandisha. Kama ilikuja na Windows 7 utarudi Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Vilevile, kupandisha toleo kunaweza kuvuruga utaratibu wa kuwasha, ukabonyeza kitufe na kisiitike. Mimi naiweka njia hii mwisho kabisa, kwa sababu inafuta vyote.

Hatua ya 5: flashi

Hapa unasimika Windows upya kwa flashi. Unahitaji flashi ya GB 8, kompyuta yoyote nzima, na programu ya Microsoft ya kuitengeneza flashi hiyo, iitwayo Media Creation Tool. Ikikuomba namba ya leseni wakati wa kusimika, ruka, mradi laptopu hiyo ilishawahi kuwa na leseni halali ya toleo hilo. Chagua aina ileile, Home au Pro; ikipata intaneti itajithibitisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nilifuta Windows.old diski ilipojaa. Nikiirudisha na programu ya kufufua mafaili, "Go back" itakubali?

Jibu: Usitegemee. Ukitaka toleo la zamani, tengeneza flashi yake usimike upya. Ila kama ni Windows 10, jua huduma zake za kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Swali: Nikigusa Reset inasema haioni "recovery environment". Nimekwama.

Jibu: Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /info. Ukiona Disabled, andika reagentc /enable, ujaribu tena. Ikigoma, chomeka flashi ya toleo ulilonalo Windows ikiwa imewaka, fungua setup.exe, chagua kubakiza mafaili na programu. Mimi naipenda kuliko Reset.

Swali: Na System Restore je, ile ya kurudisha mipangilio ya Windows kwenye pointi iliyohifadhiwa nyuma? Nilikuwa na pointi za tangu kabla ya kupandisha.

Jibu: Hizo hazivuki toleo, ndugu. Zinafaa kwa mabadiliko ya ndani ya toleo moja.

Swali: Samahani mwalimu, yangu ni ya ofisini, inaomba ule ufunguo wa tarakimu 48. Fundi kasema anaweza kuupita.

Jibu: Dada, waulize watu wa kompyuta wa ofisini kwenu, kwa kawaida ufunguo wanao wao. Fundi anaweza kufuta diski na kusimika upya, lakini kazi zako hatazitoa bila ufunguo.

Swali: Nina C na D. D itapona?

Jibu: "Go back" haiigusi D. Reset ukichagua kufuta vyote itakuuliza kama ni diski yenye Windows tu au zote, chagua ya kwanza. Njia ya kiwandani zipo zinazofuta diski nzima, D ikiwemo, kwa hiyo hamisha vya D kabla.