SOMO: Kusafiri peke yako kwa gari kwenye nchi uliyozaliwa, kama unatafuta kwenu

Habari zenu wakuu. Mi niliondoka nilikozaliwa nina miaka 6, nikarudi nina 31, nikakodi gari nikaendesha peke yangu wiki tatu. Sikwenda kutalii. Nilitaka kujua kama hiyo nchi iliyoandikwa kwenye pasipoti yangu ni kwetu kweli au ni neno tu. Kuna wenzangu wameniuliza nilifanyaje, basi hivi ndivyo.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza
Usidhani kuzaliwa mahali ndio uraia, kuna nchi zinaangalia ulipozaliwa na kuna zinazoangalia damu ya wazazi, na zingine ukichukua uraia wa kwingine wa kwao unakufa. Uliza mapema, maana ukiingia kama raia wao na ukapata matatizo, ubalozi wa kule unakoishi mara nyingi unakua hauna nguvu ya kukutetea. Alafu kibali cha kimataifa cha udereva ni kama tafsiri tu ya leseni, kwaiyo leseni yenyewe ubebe. Vipo vya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949 vinavyodumu mwaka 1, na vya mkataba wa 1968 vinavyofika mpaka miaka 3, hakikisha unachukua kile ambacho nchi unayokwenda inakitambua.

Hatua ya 2: Kaa na wazee kabla hujaondoka
Hapa ndo usiwe na haraka. Usiwaulize "tulikua tunaishi wapi" peke yake, majina ya mitaa yanabadilishwa na nyumba zinavunjwa. Uliza ukisimama mlangoni ulikua unaona nini, unasikia nini, maji yalitoka upande gani, shule ilikua mbele au nyuma ya daraja. Mto na mlima havihami. Na ujue kwamba ya kabla ya miaka 3 au 4 karibu hakuna mtu anayeyakumbuka, mengi unayodhani unayakumbuka ni picha na hadithi ulizosimuliwa, na zinakosea. Mi nilitafuta mti mkubwa siku mbili nzima kumbe ulikua wa nyumba nyingine tuliyohamia baadae.

Hatua ya 3: Gari
Tairi la spea, jeki na spana vitoe mwenyewe uvione kwa macho kabla hujasaini. Kama wanaendesha upande tofauti na uliozoea, hatari sio kwenye foleni, kwenye foleni unafuata wenzio. Hatari ni asubuhi unatoka kituo cha mafuta barabara iko tupu, mikono inakupeleka upande wa mazoea. Na usiendeshe umechoka, utafiti wa 1997 ulionyesha mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya vibaya kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu.

Hatua ya 4: Rudi kwa njia ileile
Hii ndo naomba muishike. Wengi wanapanga mzunguko ili waone nchi yote, usifanye hivyo. Nenda na urudi kwa barabara moja, lala palepale ulipolala, jaza mafuta palepale. Ndugu zangu wote walinipokea kwa "karibu", na karibu unamwambia mgeni. Sa siku ya 15 nikasimama kwenye kituo cha mafuta nilichopita wiki ya kwanza, kijana wa pampu akanyanyua kichwa akasema "umerudi". Basi. Nilishindwa kumjibu, nikaingia kwenye gari nikakaa dakika kumi ndo nikaweza kuwasha.

Hatua ya 5: Nyumba uliyozaliwa isiwe kituo cha kwanza
Kaa kaa kwanza siku kadhaa masikio yazoee. Itaonekana ndogo, mwili wako ndo umekua. Ukibisha hodi, kabla ya kitu chochote sema hujaja kudai nyumba wala kiwanja. Mi sikusema, nikaona sura ya yule mama inabadilika kabla sijamaliza jina la babu. Nilipomwambia nataka kuangalia uwani tu, alinipisha.

Hatua ya 6: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe
Kwa ndugu usilale usiku mmoja ukasepa. Fika ya tatu, alafu omba kazi, hata kufagia au kuchota maji. Wakianza kukutuma ujue wameacha kukupokea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu lugha nimeisahau, naogopa kuchekwa.
Jibu: Watakucheka, na inauma. Sema mapema kwamba unaelewa kuliko unavyoongea, watu wanapunguza mwendo. Salamu zijue zote, hizo usibahatishe.

Swali: Mimi ni mwanamke, peke yangu itakuaje?
Jibu: Dada, fika unapolala kabla ya giza, ramani ipakue kwenye simu usitegemee mtandao, na awepo mtu mmoja anayejua kila siku unaelekea wapi na saa ngapi aanze kukutafuta. Mtu wa njiani akikuuliza, mwambie unapokelewa mbele.

Swali: Nililelewa na wazazi walioniasili, sina ndugu hata mmoja ninayemjua kule.
Jibu: Pole ndugu. Anza na kumbukumbu kabla ya gari. Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto nje ya nchi unazitaka nchi wanachama zitunze taarifa za asili ya mtoto, na uruhusiwe kuziona kwa kadri sheria ya pale inavyokubali. Ukimpata mama, tafadhali usimtokee mlangoni. Tuma mtu wa kati au barua, huenda nyumbani kwake hakuna anayejua kama uliwahi kuwepo.

Swali: Mi nilienda nikarudi sikuhisi chochote. Nina tatizo?
Jibu: Huna. Mimi wiki nzima ya kwanza nilikua hivyohivyo, naendesha tu kama nimetumwa mzigo. Uliwahi kupita sehemu moja mara mbili?

Swali: Kwaiyo wewe kwenu ulipapata?
Jibu: Nchi nzima hapana. Nina kile kituo cha mafuta, na uwani kwa shangazi ambako ndoo ya kuchotea naijua inapowekwa. Mwakani naenda tena, barabara ileile.