Sato na mboga uani kwa baridi ya Mbeya: anza na maji, samaki baadaye

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, maelekezo mengi yanayozunguka ya akwaponiki (kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale) yametoka kwa watu wa joto, ukiyafuata yalivyo basi Juni na Julai samaki watakaa tu humo ndani hawali hawakui. Sato anataka maji ya nyuzi 27 hadi 30, yakishuka chini ya 20 ukuaji unadorora, kwenye 16 hivi anagoma kula, yakikaribia 11 anaanza kufa. Kambale naye anavumilia maji yenye hewa kidogo lakini baridi haipendi vilevile.

Kwahiyo kwanza joto. Chukua tanki la plastiki la lita 1000, lile lenye kizimba cha chuma, uliza lilibeba nini, kama ni mafuta ya kula sawa, kama ni kemikali achana nalo hata ukipewa bure. Lifukie nusu ardhini, juu yake pigilia banda la mirunda na nailoni ya griinihausi, jioni funika tanki lenyewe. Mwanga usipenye kwenye maji, mwani utakusumbua.

Juu ya tanki unaweka beseni la kuoteshea, kina sentimita 30 hivi, unalijaza kokoto. Sisi tuna bahati ya mawe mepesi ya volkano, yale yenye matundu matundu, hayaelemei beseni na bakteria wanapata pa kukaa. Ila usizoe kokoto yoyote tu, maana upande wa Songwe kuna mawe ya chokaa mengi na chokaa inapandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda uchachu umepungua) mpaka mboga zinashindwa kunyonya madini ya chuma, majani machanga yanakuwa njano. Kupima ni rahisi, osha jiwe, likauke, lidondoshee siki, likitoa povu weka pembeni.

Sasa hapa ndipo watu wengi wana haraka. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu kwake, bakteria wa kundi moja wanaigeuza kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kundi la pili wanaigeuza kuwa naitreti, hiyo ndiyo chakula cha mboga. Hao bakteria hawanunuliwi dukani wakafanya kazi kesho yake, wanajijenga wenyewe wiki 4 hadi 6, na kwa baridi yetu zaidi ya hapo. Maji ya bomba yaache wazi siku 2 klorini itoke, washa pampu ya kupandisha maji toka tanki hadi kwenye beseni yarudi tena, tupia chakula cha samaki kidogo kidogo kioze, pima kila siku chache kwa vile vipimo vya matone. Utaona amonia inapanda, halafu naitraiti, halafu zote mbili zinashuka karibu na sifuri. Hapo ndo unaleta vifaranga, kabla ya hapo hapana, tafadhali.

Kwa lita 1000 anza na vifaranga 25, chagua wa dume tupu wasizaliane. Lisha wanachomaliza ndani ya dakika chache, kinachobaki toa, na asubuhi ya baridi subiri jua lipande kwanza. pH ikae kati ya 6.8 na 7.2. Pampu izungushe maji yote ya tanki mara moja kwa saa, na uwe na kipampu cha hewa cha betri kwa ajili ya umeme kukatika usiku. Mboga, chainizi na letasi zinaenda vizuri sana, nyanya subiri mfumo ukomae.

Kuna wanaotaka kufuga kamba wa maji yasiyo na chumvi, wale wenye magando wanaoitwa crayfish. Mimi nasema msiwalete. Bara la Afrika halina kamba hao wa asili, Ziwa Naivasha kule Kenya waliingizwa mwaka 1970, na Kafue ya Zambia wametapakaa. Wanapanda bomba, wanatembea nchi kavu, na mito yetu huku inaenda Ruaha na Nyasa.

Jirani mwenye viazi mwombe akujulishe siku ya kupiga dawa ushushe nailoni mapema, na bomba la dawa lisiingie bandani kwako kabisa. Ukiona wadudu mafuta kwenye chainizi wapanguse kwa maji na vidole, jani baya likate.