Kuondoa maji kwenye oili chafu ya injini kabla ya kuichoma

Kichomeo cha oili chafu kikianza kukohoa, kutema cheche na kuzimika chenyewe, watu hukimbilia nozeli, yaani mdomo unaorusha oili. Juzi nimemsaidia mwenzangu aliyekwisha badilisha nozeli na pampu, kumbe oili yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni maji yaliyovurugika ndani ya oili. Anza na maji, mengine yatafuata.

1. Chagua oili

Oili ya injini, giaboksi na haidroliki inafaa. Kataa oili ya breki, viyeyusho vyenye klorini na oili ya transfoma za zamani, kwani moshi wake unaweza kuwa na sumu kali sana. Inayonuka petroli itenge na usiipashe moto kabisa: mvuke wake hushika moto kirahisi.

Vaa glavu. Oili iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi.

2. Chuja takataka kubwa

Wavu wa kawaida unatosha.

3. Toa maji

Hapa ndipo kazi ilipo. Oili ya injini imewekewa viungo vya kusafisha, na viungo hivyo hivyo hushikilia matone madogo ya maji yasizame. Ikiwa baridi na nzito, unaweza kuiacha muda mrefu na maji yasishuke. Ipashe kwa heata ya umeme, si kwa moto chini ya pipa (onyo liko hapa chini), hadi nyuzi 70 au 80 za Selsiasi: inakuwa nyepesi, matone yanaungana na kwenda chini.

Ukishafika hapo, zima heata. Pipa likiendelea kupashwa, oili inazunguka na kurudisha juu maji yaliyokuwa yakishuka. Lifunike kwa blanketi lisiloshika moto ili lipoe polepole, uliache usiku kucha bila kuligusa. Asubuhi fungua koki ya chini taratibu. Kwanza yanatoka maji, kisha uji wa kijivu, halafu oili safi. Uji usiurudishe pipani. Uweke kwenye dumu lake, utatulia na kundi lijalo. Maji hayo pia yana oili na metali, kwa hiyo usiyamwage mtaroni wala ardhini. Yapeleke pamoja na taka za oili.

Sasa onyo. Usiwashe moto chini ya pipa lenye tabaka la maji. Maji yaliyofunikwa na oili yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha yakalipuka kwa ghafla. Maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700, na mvuke huo unarusha oili yote nje, juu ya moto wako. Ninatumia heata ya umeme iliyofungwa juu ya usawa wa maji, yenye kidhibiti joto, na pipa silijazi zaidi ya theluthi mbili. Kazi ifanyike nje, kizimamoto cha unga kiwe karibu. Maji kamwe usiyamwage kwenye oili inayowaka.

Wapo wanaoipandisha hadi nyuzi 110 ili wamalize haraka. Siipendi njia hiyo, kwa sababu povu hupanda bila taarifa. Unyevu ukibaki, heri uzungushe oili ya nyuzi 80 kwa pampu, itiririke kama utando mwembamba juu ya bati lililoinama. Hewa itachukua maji yaliyobaki. Isirushwe kama manyunyu, maana ukungu wa oili unawaka.

4. Pima

Pasha kipande cha chuma hadi nyuzi 130 hivi, vaa miwani, dondoshea tone moja la oili kutoka chini ya pipa. Likitatarika, maji bado yapo: rudia hatua ya 3. Likitandaa kimya, endelea. Usipime oili ya juu, hiyo huwa kavu kabla ya nyingine.

5. Chuja tena

Tumia kichujio cha mikroni 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kisha 25, oili ikiwa bado vuguvugu. Napendelea mifuko ya kuchujia inayofulika. Vichujio vya karatasi huvimba vikikutana na maji. Kuchuja hakutoi metali zilizoyeyuka, kwa hiyo kichomeo lazima kiwe na feni na bomba la kutolea moshi nje, na kisitumike kupikia chakula.

6. Hifadhi

Funga pipa vizuri, lisikae na mfuniko unaotuamisha mvua. Bomba la kunyonyea liishie sentimita 10 juu ya sakafu ya pipa, na koki ya chini ifunguliwe kidogo kila kabla ya kuwasha.