Lambo huokolewa kuanzia mlimani

Kila Septemba huku Dodoma huulizwa swali lilelile: lambo letu limejaa mchanga, tulichimbue? Jibu langu: twende mlimani kwanza, mchanga unakotoka. Kijiji kimoja tulihangaika na majembe na toroli mwezi mzima, mvua za msimu mmoja zikaurudisha mchanga wote. Mteremko tulikuwa hatujaugusa.

Hatua ya 1. Fuata maji yanakotoka. Tembea na wakulima, wafugaji na wazee, maana wazee ndio wanaokumbuka kila korongo lilianzia wapi. Mara nyingi ni njia ya ng'ombe.

Hatua ya 2. Tengeneza kipimo A, chombo cha kutafuta mstari wa usawa kwenye mteremko. Funga fito mbili za mita 2 zikutane juu, ya tatu ikatize katikati, kisha ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kisimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa fito ya katikati. Kigeuze, miguu ibadilishane vigingi, weka alama tena. Usawa ni katikati ya alama hizo mbili. Kisha kitembeze kukata mteremko, ukipigilia kigingi kila kamba inapogusa usawa huo; vigingi ndivyo mstari wa kuchimba. Tafadhali usiruke kukigeuza! Mstari ukipinda kidogo tu, maji hukimbilia sehemu moja, hubomoa tuta utakalojenga na kuchimba korongo jipya. Kukiwa na upepo, subiri jiwe litulie.

Hatua ya 3. Chimba makinga maji, yaani mitaro yenye tuta, kwenye mstari huo kabla ya mvua za Desemba: upana sentimita 60, kina 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Ndiyo fanya juu. Panda nyasi za malisho kwenye tuta.

Hatua ya 4. Ziba korongo kwa mawe, ukianzia juu. Mawe yaingie ndani ya kingo zote mbili, na katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo. Nimeona vizuizi vilivyojengwa bapa: maji yalizunguka pembeni, yakala ukingo.

Hatua ya 5. Kisiki hai, yaani kukuza miti upya kutoka visiki vilivyopo. Kwenye kisiki kinachochipua bakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, funga kitambaa ili mchungaji akione. Hakihitaji kumwagiliwa, mizizi iko tayari.

Hatua ya 6. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Jengeni mbauti (birika la kunyweshea mifugo) nje ya hapo, ng'ombe wanywe bila kukanyaga ukingo. Kondoa, chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 kwenye eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, lakini mzigo uliwaangukia wafugaji. Kwa hiyo mimi huwaita wafugaji mapema, sheria ndogo zipitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji nao wakiwepo.

Hatua ya 7. Mvua kubwa ya kwanza ikikatika tu, chukua jembe uzungukie matuta yote. Palipopasuka pazibwe siku hiyohiyo, kabla ya mvua ya pili.