Kuandaa kikao cha kusikiliza simfoni za Uingereza zilizowekwa kando, Lubumbashi

Rekodi mpya za muziki huu zinazidi kutoka, hasa kwa lebo za Chandos, Lyrita, Dutton Epoch na Toccata Classics. Zina sehemu tulivu sana, na hizo ndizo hupotea kwanza kikao kikiandaliwa ovyo.

Anzeni na Ballade katika A minor ya Samuel Coleridge-Taylor, ya mwaka 1898, dakika kama 12. Baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, na muziki wenyewe unashika tangu nota za kwanza. Ifuate Simfoni ya 2 ya Ruth Gipps (1921–1999), iliyorekodiwa na BBC National Orchestra of Wales chini ya Rumon Gamba: dakika kama 20 bila kusimama. Inastahili kusikilizwa mara mbili siku hiyohiyo. Simfoni ya Gothic ya Havergal Brian inakaribia saa mbili. Isiwe ya kwanza.

Pakueni FLAC (faili la sauti lisilopoteza kitu) ya biti 16. Dakika 70 hula megabaiti 350 hivi. MP3 ya kbps 320 hula kama 170. Mega za ziada zina faida: MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzo na mwisho wa faili, kwa hiyo simfoni isiyosimama ikikatwa vipande, pengo linasikika katikati ya vyombo vya nyuzi. Hata kwa FLAC, chagueni programu inayocheza faili bila pengo. Biti 24 ni uzito tu kwa bafle za kawaida. Pakueni na kijitabu. Cha Chandos mara nyingi kina Kifaransa.

Sasa sauti, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanapandisha volyumu kwa sababu mwanzo hausikiki, kisha tromboni zinaingia, bafle inakwaruza, mtu anakimbia kupunguza, na kilele kimeshapita. Fanyeni kinyume: kabla watu hawajafika, tafuteni mahali penye kishindo kikubwa kuliko pote, pandisheni hadi karibu na kukwaruza, rudisheni kidogo, kisha msiguse tena. Zimeni kiongeza besi, na pia kisawazisha sauti cha programu: kinapandisha sehemu tulivu na kuiba tofauti aliyoitaka mtunzi.

Bafle ziwe mbili, za waya, mita 2 kati yake, nusu mita kutoka ukutani. Kwenye kona besi huvimba. Chumba cha saruji kinavuma, tundikeni mablanketi nyuma ya wasikilizaji.

Msitegemee umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, wala jenereta; tumieni betri. Mngurumo wa jenereta hufunika filimbi. Amplifaya inayokula wati 40 kwa saa mbili inahitaji wati-saa 80. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 20 ina wati-saa 240, na isishushwe chini ya nusu, basi inatosha. Chini ya mabati, pangeni Juni hadi Agosti: mvua ikipiga, hakuna volyumu itakayowaokoa.